Nyasi za milimani zikipata joto, kaboni ya udongoni inakwenda wapi? Mbona tafiti zinagongana?

#1 Jembe la Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Kuna jambo linanitatiza, naomba wenye elimu ya udongo mje. Tumezoea kuambiwa hivi: kule juu milimani kuna baridi, vijidudu vya udongoni vinafanya kazi kwa kujivuta, nyasi zikifa haziozi zikaisha, kwa hiyo mboji inarundikana karne kwa karne. Dunia ikipata joto vijidudu vinachangamka, vinakula akiba yote, hewa ukaa inapanda angani, joto linazidi tena. Yaani friji iliyokatiwa umeme.

Hadi hapo nilikuwa nimeelewa. Tatizo limeanza niliposoma kazi ya watafiti wa Uchina iliyotoka 2017, inayohusu maeneo ya ardhi iliyoganda kwenye Uwanda wa Tibet. Walikuwa na vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakarudi kupima tena miaka ya 2010. Sentimita 30 za juu zilikuwa zimeongeza kaboni, wastani wa gramu 28 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Na ule uwanda sio kwamba haujapata joto. Umepata kwa kasi inayokaribia mara mbili ya wastani wa dunia.

Kwa hiyo friji imekatiwa umeme, ukifungua unakuta nyama imeongezeka. Mimi nasema nadharia ya friji ni ya uongo. Anayepinga alete hoja.

#2 Kiti cha Mbele

Nawahi siti.

#3 Mzee wa Vipimo

Mleta mada, umehesabu kinachotoka, kinachoingia umekiacha. Kaboni ya udongoni ni salio tu: upande mmoja mimea inaleta mizizi, majani yaliyokufa na majimaji ya sukari yanayovuja kwenye mizizi, upande wa pili vijidudu vinakula na kupumua. Joto linasukuma pande zote mbili kwa pamoja.

Kule juu msimu wa kuota ni mfupi mno, wiki chache za maana. Ukiuongeza hata kidogo, nyasi zinanufaika sana. Pili, vijidudu vikivunja mboji vinaachia nitrojeni, na hiyo ndiyo mimea ya sehemu za baridi inalilia siku zote. Kwa hiyo kuoza kwenyewe kunarutubisha nyasi. Kwa muda fulani kinachoingia kinaweza kuzidi kinachotoka. Hapo kwenye "muda fulani" ndipo penye ugomvi.

Lakini usitupe nadharia nzima. Upumuaji wa udongo huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za ziada, na kwenye udongo wa baridi ongezeko huwa kali kuliko hapo. Nyuzi moja ya mlimani haifanani na nyuzi moja ya bondeni.

#4 Binti Mboji

Nakazia #3. Kituo cha Haibei, mkoa wa Qinghai, kiko kama mita 3,200 juu ya usawa wa bahari na kina kumbukumbu ndefu za uoto. Uchambuzi uliotoka 2018 uliangalia miaka 32, 1983 hadi 2014. Kwa kipindi chote hicho pakawa panapata joto na kukauka, lakini mavuno ya juu ya ardhi hayakubadilika kwa maana yoyote. Mtu wa kukata nyasi na kupima angesema hakuna kilichotokea.

Kilichotokea ni kwamba nyasi zenye mizizi mirefu ziliongezeka, jamii ya ndago na mimea ya majani mapana ikapungua. Mizizi ikafuata maji chini, na uzito wa sehemu za chini ya ardhi ukapanda. Kaboni nyingi zaidi inapelekwa udongoni wakati malisho juu yanaonekana yaleyale. Hiyo inaweza kueleza nyama ya mleta mada.

#5 Sina Haraka

Taratibu jamani. Tibet sio mlima pekee duniani.

Colorado, karibu na Gothic, kwenye kituo cha utafiti cha Rocky Mountain, John Harte alitundika hita za infraredi juu ya malisho yaliyo karibu mita 2,900. Ziliwashwa Januari 1991, usiku na mchana, kiangazi na kipupwe, kwa zaidi ya miaka 20. Vipande vya pembeni viliachwa bila hita ili kulinganisha.

Miaka ya mwanzo kaboni ya udongo kwenye vipande vyenye hita ilishuka kwa takribani gramu 200 kwa mita ya mraba. Ukisikia hivyo unasema haya, friji hiyo. Lakini Scott Saleska na Harte walipochimbua sababu, hawakumkuta mhalifu waliyemtegemea. Upumuaji wa vijidudu haukuwa umepanda kiasi cha kueleza hasara yote. Kilichobadilika ni mimea. Theluji iliyeyuka mapema, udongo ukakauka, maua na mimea laini ya majani mapana ikadhoofika, kichaka kinachoitwa Artemisia tridentata kikachukua nafasi. Ile mimea laini ndiyo iliyokuwa ikileta chakula kingi chepesi kuoza. Chakula kikapungua, akiba ikashuka.

Sasa utamu uko hapa. Majani ya kile kichaka ni magumu, yanaoza polepole. Wakatabiri kwamba baadaye kaboni itarudi kupanda. Na kwenye vipande visivyo na hita, kadiri hali ya hewa yenyewe ilivyobadilika, navyo vikaanza kufuata njia ileile kwa kuchelewa. Ripoti ya miaka 23 ilitoka 2015.

Kwa hiyo ukipima mwaka wa 5 unasema udongo unapoteza. Ukipima miaka mingi baadaye unaweza kusema kinyume. Wote wawili wamepima sawasawa.

#6 Kobe Mkimbiaji

Hata ule utafiti wa Harvard Forest kule Massachusetts, Marekani, udongo umepashwa joto nyuzi 5 kwa waya zilizofukiwa tangu 1991, na kaboni inatoka kwa awamu: inatoka, inatulia, inatoka tena. Hiyo inathibitisha kuwa mwisho wa siku hasara ipo tu.

#7 Binti Mboji

Kobe, jina la mahali penyewe limekuambia: Forest. Ule ni msitu wa miti ya kupukutisha majani, tena tambarare. Msituni kaboni nyingi inaingia kwa juu, majani yakidondoka. Kwenye nyasi za milimani sehemu kubwa inaingia kwa mizizi. Ukibadilisha njia ya kuingilia umebadilisha kina, umebadilisha vijidudu vinavyohusika, umebadilisha kila kitu. Tuulete kama mfano wa subira, miaka 26 ya vipimo sio mchezo, lakini sio ushahidi wa hapa.

#8 Kobe Mkimbiaji

Sawa dada, nimesikia. Ila awamu zipo, usizifiche.

#9 Rula Ndefu

Mnaoleta kituo kimoja kimoja hamtamaliza. Wapo waliojaribu kukusanya vyote.

2016 Thomas Crowther na wenzake walichukua majaribio 49 ya kupasha udongo joto sehemu mbalimbali. Wakaona kitu kizuri sana kwenye grafu: udongo wenye kaboni nyingi ndio unaopoteza nyingi. Wakakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ukaa ukiendelea bila kupunguzwa, dunia ingepoteza kama tani bilioni 55 za kaboni kutoka tabaka la juu hadi 2050. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, nyanda za juu zenye mboji nene zilikuwa kwenye mstari wa mbele wa hasara. Kumbuka mita moja ya juu ya udongo wa dunia ina takribani tani bilioni 1,500 za kaboni, kuliko iliyopo angani, kwa hiyo sio habari ndogo.

2018 Natasja van Gestel na wenzake wakaongeza majaribio hadi 143, wakarudia hesabu. Ule uhusiano mzuri ukayeyuka.

Na hata ile 55 ya mwanzo, kiwango chake cha shaka kilikuwa 50 kwenda juu na 50 kwenda chini. Magazeti hayakuandika hilo la pili.

#10 Chepeo Butu

Naomba niwashushe shimoni, maana naona mnajadili namba kana kwamba zinadondoka kutoka mawinguni.

Niliwahi kufanya kazi ya kuchukua sampuli kwenye mradi wa nyasi za milimani. Ili ujue kaboni kwa mita ya mraba unahitaji vitu vitatu: asilimia ya kaboni, kina, na uzito wa udongo kwa ujazo. Asilimia ni kazi ya mashine, haina shida. Shida ni hicho cha tatu. Unachukua pete ya chuma ya ujazo unaojulikana, unaigongea udongoni, unakata chini kwa kisu, unakausha, unapima. Milimani pete inagonga jiwe. Ukiisogeza pembeni utafute palipo laini, tayari umedanganya, kwa sababu umechagua penye mawe machache kuliko eneo lenyewe. Ukiilazimisha, udongo unashindiliwa.

Halafu kuna lile tabaka la juu la mizizi, limesukana hadi kisu kinakwama. Hiyo mizizi uihesabu kama udongo au kama mmea? Mtu mmoja anaitoa yote kwa kibano akiwa na mwanga mzuri na subira. Mwingine anasema kinachopita kwenye chekeche la milimita 2 ni udongo, imekwisha. Kwenye mradi wetu aliyeanza alipima kina kuanzia juu ya mabaki makavu, aliyempokea akaanzia chini ya mabaki. Hakuna aliyeandika popote. Ilikuja kujulikana kwenye kompyuta.

Sasa pigeni hesabu. Chukua udongo wa gramu 1 kwa sentimita ya ujazo, kina sentimita 30: una kilo 300 za udongo kwa mita ya mraba. Kaboni ikiwa asilimia 2, una kilo 6. Mizizi ikiongezeka na udongo ukatuna kidogo, uzito ukashuka hadi 0.95, kilo 300 zinakuwa 285 na kaboni inasomeka kilo 5.7. Gramu 300 zimepotea na hakuna hata chembe iliyotoka mahali pake!

Linganisheni na gramu 28 kwa mwaka za mleta mada. Kwa miaka 10 ni gramu 280. Badiliko zima la muongo linaingia ndani ya kosa la pete.

#11 Kiti cha Mbele

Chepeo Butu kaja na chepeo kali.

#12 Mzee wa Vipimo

Hoja ya #10 ni halali, ila dawa yake inajulikana: usilinganishe kina kilekile, linganisha uzito uleule wa udongo. Ukituna unachimba chini zaidi kidogo hadi upate kilo zilezile. Kazi nyingi za sasa hufanya hivyo, za zamani hazikufanya.

Niongeze sumu nyingine. Vipimo vingi vya miaka ya 1980 vilitumia njia ya Walkley na Black ya 1934, ya kuunguza mboji kwa kemikali. Njia hiyo hukamata kama asilimia 77 tu ya kaboni, halafu unazidisha kwa 1.3 na kuomba iwe sawa kwa udongo wako. Mashine za leo zinachoma kila kitu, hadi kaboni ya chokaa, na udongo wa Tibet sehemu nyingi una chokaa. Usipoiondoa kwanza kwa tindikali, unahesabu jiwe kama mboji. Linganisha miaka ya 1980 na leo bila kujali hayo uone miujiza.

#13 Jembe la Usiku

Kwa hiyo mnaniambia nyama haikuongezeka, mizani ndiyo mbovu?

#14 Chepeo Butu

Sijasema hivyo. Maeneo yakiwa mengi, makosa ya huku na huku hufutana kwa kiasi fulani. Nasema uwe na adabu na gramu 28.

#15 Chini ya Mita

Wote mnazungumzia sentimita 30. Mbona hamshuki?

Zaidi ya nusu ya kaboni ya udongo wa dunia iko chini ya hapo. Kwenye nyasi, ya chini ni nzee mno. Kuna jaribio maarufu la Ufaransa la Sébastien Fontaine, 2007, kwenye udongo wa nyasi. Walichukua udongo wa sentimita 60 hadi 80, kaboni yake ina umri wa takribani miaka 2,500. Wakaongeza selulosi (nyuzi za mimea) mbichi kidogo tu. Vijidudu vilipopata hiyo nguvu, vikaanza kula na ile ya kale ambayo vilikuwa vimeiacha muda wote. Bila selulosi, vilitulia.

Sasa rudini #4 ya Binti Mboji. Mnashangilia mizizi kuingia chini kwamba inaleta kaboni. Inaleta kweli. Lakini inaleta pia chakula kibichi mahali ambapo mboji ya kale ilikuwa imelindwa na ukosefu wa chakula kibichi, wala haikulindwa na baridi peke yake. Mzizi mmoja unaweza kuingiza gramu na kusababisha kutoka gramu na kitu. Kuna kazi ya 2019 kwenye nyasi za Qinghai-Tibet ambayo mabadiliko ya kupashwa joto yalionekana tabaka la chini, juu hakukuwa na kitu. Ukichimba sentimita 30 tu unaandika "hakuna athari" na unalala usingizi mzuri.

#16 Mzee wa Vipimo

#15 iko sawa kwa nadharia, ila usiiongezee chumvi. Kula mboji ya kale kwa kuchochewa kunaonekana sana kwenye chupa za maabara, ambako udongo umeshavurugwa na kuchekechwa. Shambani chakula kibichi kinafika kidogo kidogo na mahali padogo padogo. Na mabaki ya vijidudu wenyewe wakifa yananata kwenye udongo wa mfinyanzi na kuwa kaboni mpya ya kudumu. Salio la mwisho linaweza kwenda upande wowote.

#17 Chini ya Mita

"Linaweza kwenda upande wowote" ndiyo ninachosema mzee. Wewe ndiye uliyesema #3 kwamba linaongezeka.

#18 Mzee wa Vipimo

Nilisema kwa muda fulani. Soma tena.

#19 Ua la Mwamba

Naomba kuongeza kitu ambacho hakijaguswa: mimea ya bondeni kupanda mlima.

Kuna kazi ya Tom Walker na Jake Alexander kwenye milima ya Alps ya Uswisi, ilitoka 2022. Walihamisha vipande vya nyasi za juu kuvishusha mahali penye joto zaidi, halafu baadhi ya vipande wakavipandia mimea ya bondeni, ile ambayo kwa kawaida itapanda yenyewe polepole kadiri joto linavyopanda. Penye mimea ya bondeni, kaboni ya udongo ilipungua kuliko palipopashwa joto bila wageni hao. Maelezo yao ni kwamba mizizi ya wageni inatoa vitu vinavyochochea vijidudu vya pale, navyo vinapumua zaidi.

Kwa maana hiyo joto peke yake ni nusu ya habari. Jaribio la hita kwenye mimea ya zamani linaonyesha mlima wa leo wenye joto la kesho. Kesho mimea nayo haitakuwa ileile. Hii inafanana na ya Sina Haraka (#5) kwa kuwa mimea ndiyo inayoamua, ila njia ni kinyume: Colorado hasara ilitokana na chakula kupungua, Alps imetokana na chakula kuwa kichochezi.

#20 Panya Buku

Mmesahau wanyama. Tibet kuna pika, kale kamnyama kadogo jamii ya sungura kasiko na mkia wa kuonekana. Vinachimba mashimo kila kona, vinakata nyasi, udongo unabaki wazi, upepo na maji vinaondoka nao. Yale mabaka meusi ya udongo mtupu kwenye malisho, kaboni yake haikupumuliwa na kijidudu yeyote, imesombwa. Joto mnalisingizia.

#21 Binti Mboji

Panya Buku, kwa jina lako nilidhani utawatetea ndugu zako.

Pika wanapenda penye nyasi fupi, wamuone mwewe mapema. Nyasi zinakuwa fupi pale zilipolishwa kupita kiasi. Kwa hiyo mara nyingi pika wanafika palipokwisha kuharibika. Wamewekewa sumu kwa miongo mingi na mabaka meusi bado yapo. Mashimo yao yanasaidia maji ya mvua kuzama badala ya kutiririka, na kuna ndege wanaotaga humo humo. Mimi siwatoi kabisa kwenye lawama, wakizidi wanazidi, lakini kuwaweka namba moja ni kumfunga shahidi badala ya mwizi.

#22 Panya Buku

Shahidi gani anakutwa na udongo mikononi?

#23 Theluji Nyepesi

Tuwaache pika. Kuna kitu kinaitwa majira ya baridi, ni zaidi ya nusu ya mwaka kule juu, na uzi mzima mnazungumzia kiangazi.

Niwot Ridge, Colorado, walifuatilia vijidudu mwaka mzima kwenye udongo wa juu kabisa ya miti. Wingi wao unafikia kilele mwishoni mwa majira ya baridi, chini ya theluji, halafu wengi wanakufa theluji ikiyeyuka. Theluji nene inazuia baridi kali isifike chini, udongo unabaki karibu na sifuri, kuvu na bakteria wanaendelea kula mabaki ya mwaka uliopita taratibu.

Sasa joto la dunia likipunguza theluji, udongo unavuliwa blanketi. Hewa imepata joto kwa wastani wa mwaka, udongo umepata baridi zaidi kwa miezi kadhaa. Unaganda, unayeyuka, unaganda tena. Upumuaji wa baridi unapungua, lakini seli na mizizi midogo inapasuka na kumwaga vilivyomo, na vinatoka kwa mkupuo majira ya kuchipua. Ukifanya utafiti wa Juni hadi Agosti pekee hilo lote hulioni. Mleta mada, huko friji yako inawashwa zaidi.

#24 Jembe la Usiku

Sasa friji inazimwa kiangazi inawashwa baridi. Nimeanza kujuta kuileta.

#25 Mfereji wa Zamani

Mimi naona mnazunguka. Maji ndiyo kila kitu, joto linafuata.

Tazameni Zoige, mashariki ya Uwanda wa Tibet, karibu mita 3,500. Vinamasi vyenye mboji nene. Miaka ya 1960 na 1970 ilichimbwa mifereji kukausha maji ili malisho yapatikane. Hakuna hita iliyohitajika. Hewa iliingia kwenye mboji ikaanza kuoza. Mboji iliyolowa hukosa oksijeni, kuoza kunakwenda kwa kusuasua hata penye joto. Ukiikausha, unaipa vijidudu oksijeni, na hewa ukaa inatoka.

Joto likileta ukame kwenye nyasi za kawaida, hali inageuka: udongo ukikauka sana vijidudu navyo vinasimama, kwa hiyo kutoka kunapungua. Likileta unyevu, nyasi zinastawi. Likiyeyusha ardhi iliyoganda, mahali pengine maji yanazama na juu panakauka, mahali pengine ardhi inatitia na kuwa bwawa, halafu linakuja suala la methani, ambayo humu hakuna aliyeitaja hata mara moja. Nyuzi ileile moja, majibu manne.

#26 Sina Haraka

Hapo kwenye ukame nakubali. Hata Colorado hita zilikausha udongo, na hakuna aliyeweza kutenganisha kikamilifu joto na ukavu.

#27 Jiwe la Moto

Na udongo wenyewe je? Nyanda za páramo za Andes, Kolombia na Ekuado, zina baridi, nyasi na mboji nyeusi, kaboni inaweza kuzidi asilimia 10 ya uzito. Lakini udongo ule umetokana na majivu ya volkano. Una alumini na madini yasiyo na umbo la fuwele ambayo yanaishika mboji. Kijidudu anaweza kuwa na joto lote analotaka, kama chakula kimegandamana na madini hakifikii.

Alps sehemu nyingi ni kinyume, kaboni nyingi ni vipande vya mizizi na majani ambavyo bado unavitambua kwa macho. Hivyo havina wa kuvilinda isipokuwa baridi. Mleta mada, nadharia yako ya friji inaweza kuwa sahihi Alps na ikawa haina kazi Andes, na milima yote miwili ikawa na kaboni ileile kwenye jedwali. Ingawa páramo ikilimwa na kukaushwa, hata hayo madini hayaiokoi.

#28 Kobe Mkimbiaji

Swali kwa wote. Haya majaribio ya kupasha joto yanafanywaje huko kusiko na umeme?

#29 Ua la Mwamba

Wengi wanatumia vibanda vidogo vya plastiki angavu visivyo na paa, kuta zimeinama kwa ndani. ITEX, mtandao wa kimataifa wa majaribio ya joto kwenye uoto wa sehemu za baridi, umevitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jua linapasha hewa ya ndani, unapata nyuzi 1 hadi 3. Rahisi, havihitaji waya.

Kasoro zake ni hizi: vinapasha hewa kuliko udongo, vinafanya kazi zaidi mchana, vinazuia upepo, vinakusanya theluji upande mmoja. Na jambo ambalo watu hawalisemi sana, ng'ombe na yaki hawaingii humo. Julia Klein alifanya kazi Haibei akaweka vibanda, halafu baadhi ya vipande akavikata nyasi kuiga malisho. Joto lilipunguza aina za mimea kwa haraka sana, lakini palipokatwa hasara ikawa ndogo. Sasa nyasi za milimani karibu zote zinalishwa. Kibanda kisicho na mdomo wa mnyama kinapima mahali ambapo hapapo.

#30 Rula Ndefu

Hiyo ndiyo sababu nyingine namba za Crowther na za van Gestel haziwezi kukaa meza moja. Hita, waya, vibanda, vipande vilivyoshushwa mlima, vyote vinaandikwa "joto" kwenye safu moja.

#31 Mnunuzi

Wakuu mimi sio mtaalamu. Kuna kampuni inauza mikopo ya kaboni (carbon credits, vile vyeti vya kufidia hewa ukaa) ya malisho ya milimani, wanasema udongo unahifadhi kwa miaka 30. Kwa uzi huu, ninunue?

#32 Chepeo Butu

Waulize wanachimba kina gani, na kama wanalinganisha kwa kina au kwa uzito. Wakikuangalia tu, ondoka.

#33 Mfereji wa Zamani

Na waulize nani atalipia mwaka ukija wa ukame.

#34 Jembe la Usiku

Asanteni wote. Nadharia ya friji siifuti, naiweka kiporo. Swali la mwisho kabla sijalala: mngepewa malisho mamoja ya mlimani na pesa za kutosha, mngepima nini na mngerudi lini?

#35 Chini ya Mita

Hadi kwenye mwamba. Na kaboni 14 kila sentimita 10, nijue inayotoka ni ya mwaka jana au ya zama za kale.

#36 Theluji Nyepesi

Gesi mwaka mzima, hasa chini ya theluji. Udongo ningeuacha, unabadilika polepole mno.

#37 Sina Haraka

Kila kitu, halafu narudi baada ya miaka 20.

#38 Kiti cha Mbele

Mfadhili wa miaka 20 anapatikana wapi? Niwahi siti na huko.

#39 Mzee wa Vipimo

#36, gesi pekee haitoshi. Mnara wa kupima gesi unakuambia hewa ukaa iliyoingia na kutoka, haukuambii kaboni iliyosombwa na maji, iliyoliwa na yaki wala iliyochukuliwa na upepo. Utapata salio zuri la gesi na udongo umeshapungua.

#40 Theluji Nyepesi

Na pete yenu ya chuma inaniambia nini, mzee, wakati kosa lake ni gramu 300?